Siki imesema safi, damu bado inatoka

Malalamiko yanayotufikia kliniki kwa sasa yanafanana. Mama wa Makorora au Pongwe, hapa Tanga, alipimwa saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, akaambiwa hana mabadiliko, kisha akaanza kutokwa damu baada ya tendo la ndoa. Anarudi akisema alidanganywa.

Hakudanganywa. Siki hupakwa sehemu ya mlango wa kizazi inayoonekana kwa macho, na seli zilizoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Saratani nyingi huanzia hapo, kwenye seli bapa. Nyingine huanzia ndani ya mfereji, kwenye tezi zinazotoa ute, ambako jicho la muuguzi halifiki. Kwa mama aliyekoma hedhi, eneo lenyewe la kupimwa hurudi ndani. Kwa hiyo anayetokwa damu isiyo ya hedhi, au maji mengi yasiyokoma, hahitaji kurudia siki. Anahitaji daktari amkague na akate kinyama, yaani kipande kidogo cha mlango wa kizazi cha kupimwa maabara.

Virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, ndivyo chanzo cha saratani nyingi mno za mlango wa kizazi, na aina ya 16 na ya 18 peke yake hubeba takriban asilimia 70. Zile za tezi nazo nyingi zinatokana na virusi hivyohivyo. Hata ile adimu ya seli ndogo, ambayo ni miongoni mwa kali kuliko zote, kwa kawaida hukutwa na HPV, hasa aina ya 18. Hii hukimbilia mapafu, ini na mifupa mapema, wakati mwingine uvimbe wenyewe ukiwa bado mdogo, na matibabu yake hutegemea sana dawa za dripu za saratani. Mgonjwa asiyejua jina la aina yake anaweza kuanza njia isiyo yake.

Zipo pia chache zisizohusiana na HPV kabisa, na tangu mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani linaziweka kundi lake. Mojawapo ina seli zinazofanana na za tumbo la chakula, na dalili yake yaweza kuwa majimaji mengi tu bila damu. Hii kipimo cha HPV huweza kuikosa, na chanjo ya HPV haiizuii.

Hapo ndipo watu wanaponukuu nusu ya maneno yetu. Kusema zipo saratani zisizoletwa na HPV si kusema chanjo haina kazi. Chanjo inalenga aina ya 16 na 18, zile zile zinazoongoza, na haifungi kizazi cha mtoto kama inavyovumishwa. Tumelijibu hili tangu chanjo ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na bado kuna wazazi wanaomficha binti siku ya chanjo shuleni. Tangu 2024 ni dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Na waume wanaokuja na karatasi ya mke mkononi wakidai wameletewa ugonjwa wa nje: jibu la HPV halisemi nani kampa nani, wala lini. Virusi hivi hukaa miaka bila dalili, na wengi wetu tuliokwisha kujamiiana tumewahi kuvipata vikaondoka vyenyewe. Mwanamke anayeishi na VVU mwili wake huviondoa kwa shida zaidi. Hatari yake ya saratani hii ni kama mara sita, hivyo uchunguzi wake huanza mapema, kwenye miaka 25, na hurudiwa mara kwa mara.

Sasa kinyama. Kikishakatwa kiingie papo hapo kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia, ya asilimia 10, iliyozidi ujazo wake mara kumi. Si maji, si spiriti, si kopo kavu. Nyama iliyooza haisomeki kwa darubini na mama atakatwa upya. Kopo liandikwe majina matatu kama yalivyo kwenye faili, namba ya faili, tarehe na sehemu iliyokatwa. Fomu itaje umri, hedhi ya mwisho, hali ya VVU na majibu ya siki. Kopo lisilo na jina hurudishwa, hata kama limetoka Lushoto au Kilindi kwa basi la alfajiri. Jibu hukabidhiwa mgonjwa mwenyewe. Ndugu atapewa kwa ridhaa ya mgonjwa tu.

Anayepewa rufaa kwenda Ocean Road, taasisi ya saratani jijini Dar es Salaam, abebe jibu lenyewe, si picha ya simu, na aombe vioo vya kinyama vilivyosomwa kwa darubini pamoja na kipande cha nta chenye kinyama kilichohifadhiwa maabara. Wakihitaji kupaka rangi za ziada kutambua aina adimu, watatumia kipande hicho bila kumkata tena.