Nishani ya juu haikai upande wa moyo

"Ile kubwa iweke huku mwishoni, karibu na moyo." Maneno haya nayasikia karibu kila mtu anapoleta nishani nizipange na kuzishonea tepe mpya. Mstaafu wa jeshi anasema hivyo, mjane wa askari anasema hivyo, na kijana aliyerithi boksi la babu yake naye anarudia yale yale. Wote wanasema kwa uhakika kabisa. Ukifungua kanuni za mavazi za jeshi la Uingereza, Marekani, Ufaransa au Australia, unakuta kinyume chake.

Nishani huvaliwa kifua cha kushoto, na hapo watu wengi hawakosei. Wanakosea ndani ya mstari wenyewe. Nishani yenye daraja la juu kabisa inakaa upande wa katikati ya kifua, jirani na vifungo vya koti, kisha daraja linashuka kuelekea mkono wa kushoto. Anayefuata "upande wa moyo" na kuisukuma ya juu hadi kwapani ameugeuza mstari wote, na ile ya kushiriki tu ndiyo inayoongoza. Tepe zikivaliwa bila nishani, sheria ni ile ile: safu ya juu ndiyo yenye heshima zaidi, na ndani ya kila safu unaanza kuhesabu upande wa vifungo. Tepe zisipotosha kujaza safu zote, safu pungufu huwa ya juu. Wengi huiweka chini kwa sababu wamejaza kutoka juu kama wanavyojaza ukurasa wa daftari.

Kosa hili linatoka wapi? Sehemu yake ni kwamba kanuni huhesabu upande kwa aliyevaa, ilhali anayepanga anamtazama usoni. Ila siku hizi kuna chanzo kibaya zaidi, nacho ndicho kinachonichosha: picha za simu. Kamera ya mbele ya simu huonyesha sura kama kioo kinavyoionyesha, na simu nyingine huihifadhi picha hivyo hivyo. Mtu anajipiga picha, anaona nishani ziko "kinyume", anafumua mstari uliokuwa sahihi na kuupanga upya kwa makosa. Mwingine anatumiwa picha ya mwenzake iliyogeuka namna hiyo, anaiga kila kitu, halafu ananiletea kama ushahidi. Kabla hujaiga picha yoyote, soma kibao cha jina kwenye sare. Herufi zikisomeka kinyumenyume, picha imegeuzwa na haifai kuigwa.

Tepe zenyewe pia hutoa ushahidi, kwa sababu si zote zina pande mbili zinazofanana. Chukua Nyota ya 1939–45, ambayo askari wengi wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza huku Afrika Mashariki, walipewa baada ya Vita Kuu ya Pili. Utepe wake una mistari mitatu yenye upana sawa: buluu iliyokoza kwa ajili ya wanamaji, nyekundu kwa ajili ya majeshi ya nchi kavu, na buluu nyepesi kwa ajili ya jeshi la anga. Buluu iliyokoza inapaswa kuwa mbali na bega la kushoto, yaani upande wa vifungo. Ukiona buluu nyepesi ndiyo iliyo karibu na vifungo, utepe umeshonwa kinyume, hata kama nyota yenyewe iko mahali pake. Nyota ya Afrika ina mtego huo huo: kwenye utepe wake wa rangi ya mchanga kuna mstari mpana mwekundu katikati na mistari miwili myembamba pembeni, mmoja wa buluu iliyokoza na mwingine wa buluu nyepesi. Mtu asiye makini haoni tofauti. Mstaafu aliyepigana huko anaiona akiwa mbali.

Ushauri wangu kwa kila mtu ni ule ule, na sitaacha kuurudia. Tandaza nishani mezani zikikutazama. Ya juu iwe mkono wako wa kushoto, zinazofuata ziende kulia. Ukizibeba hivyo hivyo hadi kwenye kifua cha mtu anayekutazama, zitakaa sawasawa. Na kabla ya kufumua uzi wowote, piga picha mbele na nyuma kwa kamera ya nyuma ya simu. Nimeletewa mifuko ya plastiki yenye nishani huku na tepe kule, na hakuna anayekumbuka upi ulikuwa wa ipi.

Swali linalofuata ni ipi hasa ndiyo ya juu. Hapa nasikia majibu mawili: ile niliyoipata kwanza, au ile inayong'aa zaidi. Yote si sahihi. Kila nchi ina orodha yake rasmi ya ipi hutangulia ipi, na mvaaji hana nafasi ya kuchagua. Kwa utaratibu wa Uingereza, Msalaba wa Victoria, ulioanzishwa mwaka 1856, unatangulia kila kitu hata kama mtu aliupata mwisho wa utumishi wake. Heshima nyingine na nishani za ushujaa hufuata, kisha za vita kwa mfuatano wake, kisha za maadhimisho ya kifalme, kisha za utumishi wa muda mrefu, na za mataifa ya kigeni mwishoni. Askari aliyetoka na Nyota ya 1939–45, Nyota ya Afrika, Nyota ya Burma, Nishani ya Ulinzi na Nishani ya Vita 1939–45 anazivaa kwa mpangilio huo huo nilioutaja. Familia huniomba Nishani ya Vita itangulie kwa kuwa ni ya mviringo, ya rangi ya fedha na ina kichwa cha mfalme. Inabaki ya mwisho katika hizo tano.

Usikope orodha ya nchi nyingine. Nishani ya Umoja wa Mataifa ni mfano mzuri: Uingereza huiweka pamoja na nishani za vita kwa kufuata tarehe, Marekani huiweka baada ya zake zote. Askari wawili waliotumikia misheni moja wanaweza kuivaa katika nafasi mbili tofauti, na wote wakawa sahihi. Kuhusu nishani hii pia, tahadhari moja. Kwa misheni nyingi chuma ni kile kile, chenye nembo ya Umoja wa Mataifa mbele, na kinachotofautisha misheni ni rangi za utepe peke yake. Ukibadilisha tepe mbili wakati wa kushona, umemhamisha askari kutoka nchi aliyotumikia ukampeleka ambako hakufika.

"Nishani za marehemu huvaliwa kulia." Ni kweli kwa Uingereza, Australia na nchi zenye mila hiyo: ndugu anayemkumbuka askari wake anazivaa kifua cha kulia ili watu wajue si zake. Si kweli kila mahali. Marekani anayeruhusiwa kuzivaa ni aliyetunukiwa tu, na familia huzitunza kwenye fremu. Katika mfumo wa Kisovieti, Nishani ya Nyota Nyekundu na ile ya Vita vya Kizalendo zilivaliwa kifua cha kulia na wenyewe waliozipata, wakiwa hai. Kwa hiyo usimwonyeshee kidole mzee wa watu kwamba amevaa za marehemu kabla hujajua zimetoka jeshi gani.

"Nimepewa mara mbili, basi nivae mbili." Hapana. Mara ya pili huonyeshwa kwa alama juu ya utepe ule ule. Jeshi la nchi kavu la Marekani hutumia kichala kidogo cha majani ya mwaloni, na cha fedha kimoja husimama badala ya vitano vya shaba. Vikonyo vya majani vielekee mkono wa kulia wa mvaaji, jambo ambalo watu husahau kila mara. Uingereza huongeza kipande cha chuma kinachokatiza utepe, na utepe ukivaliwa peke yake, kwa nishani za ushujaa hubandikwa ua dogo la fedha.

Kuvaa nishani pamoja na utepe mtupu wa nishani hiyo hiyo ni kosa, kwani unatangaza jambo moja mara mbili. Wanamaji wa Marekani huweka tepe kulia na nishani kubwa kushoto kwenye sare rasmi, lakini tepe hizo ni za tuzo zisizo na nishani kabisa. Nishani ndogo, zenye ukubwa wa karibu nusu, ni za mavazi rasmi ya jioni. Usizivae mchana kwa sababu tu ni nyepesi.

La mwisho ni kung'arisha, na hapa huwa sijizuii kukemea. Watu wanaamini nishani chafu ni aibu, basi wanaishambulia kwa dawa ya kusugulia shaba. Nishani za Uingereza za Vita Kuu ya Kwanza zimepigwa chapa ya namba, cheo, jina na kikosi cha askari: kwenye ukingo kwa zile za mviringo, nyuma kwa Nyota ya 1914–15. Herufi hizo ni nyembamba. Shika moja iliyosuguliwa kwa miaka mingi, izungushe polepole chini ya taa, utaona "7" imebaki mkwaruzo na nusu ya jina imeyeyuka. Bila maandishi yale, ni kipande cha chuma kama vingine vyote vya aina yake. Ifute kwa kitambaa laini kikavu, basi. Zikigongana mtu anapotembea, omba zifungwe juu ya ubao mwembamba uliovishwa tepe ili zisicheze. Mimi huwashauri wote wafanye hivyo. Utepe uliochakaa ndio unaobadilishwa, na ule wa zamani utie kwenye bahasha pamoja na karatasi inayotaja nishani ulikotoka.