Kabambe Umenunua, Laini Umeilinda? Maelezo kwa Wanaorudi kwenye Simu ya Vitufe

Malalamiko yanayofika mezani petu kutoka Lamu mjini, Mokowe na kisiwa cha Pate yameanza kufanana. Mtu ametapeliwa akiwa na simu janja. Akaiuza, au akampa mwanawe, akanunua kabambe ili apate usingizi. Baada ya miezi michache pesa zimeondoka tena, naye anauliza kwa uchungu: nimeibiwaje na simu isiyo na intaneti?

Swali lake ni la haki. Jibu ni kwamba simu ni kitu kimoja na laini ni kitu kingine. Pesa zako hazikai ndani ya simu. Ziko kwenye akaunti iliyofungamanishwa na namba yako, na namba hiyo inalindwa kwa hatua zilezile, uwe na kabambe ya Sh1,500 au simu ya Sh60,000.

Kuchagua kabambe si ushamba. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilitengenezewa simu za aina hii, na mpaka leo menyu yake imo kwenye kadi ya laini. SHA, yaani bima ya afya ya serikali, unajisajili kwa *147#, umeme unauulizia kwa *977#, na Hazina ya Hustler, ile mikopo midogo ya serikali, iko kwenye *254#. Mvuvi, mama wa duka Langoni au mzee anayetaka kupiga na kupigiwa tu, hana sababu ya kuona haya. Tena kabambe ya kawaida inafunga mlango mmoja mkubwa wa wizi, yaani zile programu bandia na viungo vinavyotumwa ili ubonyeze. Haina pa kuziweka.

Ila kuna mambo ya kukagua kabla hujatoa pesa, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Kabambe si aina moja. Zipo za 2G, mtandao wa zamani, na zipo za 4G, mtandao wa kasi. Ya 2G hukaa na chaji siku kadhaa na inatosha kwa simu, ujumbe na M-Pesa. Ya 4G inafungua kurasa za intaneti na nyingine humegea simu jirani bando, lakini betri yake huisha upesi zaidi. Jihadhari na muuzaji anayekuhakikishia kuwa kabambe ya 4G yenye mfumo wa KaiOS "ina WhatsApp." Tangu Juni 2024 WhatsApp haipakuliwi tena kwenye simu za mfumo huo. Ikiwa WhatsApp ndiyo haja yako, kabambe si yako, na ni afadhali uambiwe leo kuliko urudi dukani kesho kugombana.

Kisha kuna hili la baharini. Wavuvi wengi wanaamini kabambe "hushika mbali" kuliko simu janja. Kinachofika mbali ni mawimbi ya masafa ya chini: 900 MHz husafiri mbali kuliko 1800 au 2100, na simu janja nyingi nazo zina 900. Zaidi ya hayo, mtambo wa kawaida wa 2G una mpaka wa takriban kilomita 35, kwa sababu ya muda unaohitajika ishara kwenda na kurudi. Ukipita hapo unaweza kuona vijiti vya mtandao kwenye kioo na bado simu isitoke. Kwa hivyo kabambe iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni haichukui nafasi ya jaketi la kuokolea wala redio ya VHF yenye chaneli ya 16. Tafadhali, hili lisikike.

Sasa dukani. Usilipe kabla ya kuwasha simu na kupiga *#06#. Zitatokea tarakimu 15, nayo ndiyo namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu yenyewe. Simu ya laini mbili hutoa namba mbili. Toa betri usome kibandiko cha chini yake, kisha soma ubavuni mwa boksi. Namba lazima zilingane kote kutatu, tarakimu kwa tarakimu. Tarakimu 8 za mwanzo hutambulisha modeli, kwa hivyo simu mbili za modeli moja zinaweza kuanza sawa, lakini hazipaswi kuwa sawa mpaka mwisho. Ukiona simu mbili za kaunta moja zina IMEI moja, ondoka. Ikitokea sufuri tupu, ondoka pia. Kenya ilizima simu bandia mtandaoni mwishoni mwa Septemba 2012, na waliokuwa wamezinunua ndio waliopata hasara. Kusema "sikujua" hakukuzirudisha hewani.

Kuhusu mafundi wanaotoa huduma ya "kubadilisha IMEI", sheria haina utata. Chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, kubadilisha utambulisho wa simu bila kuwa mtengenezaji wake au bila idhini yake ni kosa, na adhabu ni faini isiyozidi Sh1,000,000, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Kushika vifaa vya kufanyia kazi hiyo ni kosa pia. Anayenunua simu anayoijua kuwa ya wizi anaingia kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 322 kuhusu kupokea mali ya wizi, ambapo kifungo kinaweza kufika miaka 14. Simu ya Sh500 inayouzwa gatini jioni bila boksi wala risiti si bahati. Dai risiti yenye jina la duka, tarehe, modeli na IMEI iliyoandikwa kwa kalamu. Muuzaji akikataa kuandika IMEI, hiyo peke yake ni sababu ya kutonunua.

Tukirudi kwenye laini, wizi tunaoripotiwa na wenye kabambe huingia kwa njia chache, na zote zinapita kwenye sauti, ujumbe au kadi.

Njia ya kwanza ni kugeuziwa simu. Mtu anapiga, anajitambulisha kuwa wa kampuni ya simu, anasema laini yako ina hitilafu, na kukuomba ubonyeze **21* ikifuatwa na namba fulani na alama ya #. Ukibonyeza, simu zako zote zinakwenda kwake. Namba ya uthibitisho inayosomwa kwa sauti ataisikia yeye, na jamaa yako akikupigia atapokewa na yeye. Kabambe hutii amri hii sawasawa na simu janja, kwa sababu ni amri ya mtandao. Kukagua, piga *#21#. Kufuta kila kilichogeuzwa, piga ##002#. Inachukua nusu dakika. Wafundisheni wazee wenu nyumbani.

Njia ya pili ni kubadilishiwa laini. Tapeli mwenye jina lako, namba ya kitambulisho na jibu moja au mawili uliyompa mwenyewe kwa simu anatoa kadi mpya ya namba yako. Dalili yake ni kabambe kukosa mtandao ghafla huku ya jirani yako ikipiga vizuri. Usingoje mtandao "urudi." Chukua simu ya jirani, piga huduma kwa wateja mara hiyo hiyo, waambie laini ifungwe. Kwa wateja wa Safaricom, *100*100# inazuia laini yako isibadilishwe kupitia wakala, na ukihitaji kadi mpya itakubidi ufike mwenyewe dukani na kitambulisho. Ndiyo, kutoka Faza au Kizingitini ni safari na nauli. Bado ni nafuu kuliko kupoteza akiba ya msimu mzima wa kamba. Anayetumia utambulisho wa mwenzake kwa namna hii anashtakiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, kwa faini isiyozidi Sh200,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Pamoja na hilo piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, ikatae kwa kampuni husika. Wapo wanaosajili laini kwa kitambulisho cha shangazi au cha jirani kwa sababu "ni ya kabambe tu." Hakuna laini ya kabambe tu. Mwenye kitambulisho ndiye atakayeitwa polisi. Wala si kweli kwamba kabambe haifuatiliki. Kila simu iliyowashwa, yenye intaneti au isiyo nayo, hujitambulisha kwenye mnara ulio karibu.

Njia ya tatu ni ujumbe wa uongo kwamba umetumiwa pesa. Ujumbe wa kweli wa M-Pesa huja kwa jina MPESA. Hauji kutoka namba inayoanza na 07 wala 01. Mwenye kabambe ana tatizo la ziada: hifadhi ya ujumbe ni ndogo, na ikijaa ujumbe mpya hauingii. Mama wa samaki anangoja uthibitisho usiofika, mteja anamwonyesha wake kwenye kioo, na mzigo unaondoka. Futa ujumbe wa zamani kila wiki, na usiachie bidhaa kabla hujaangalia salio kwenye menyu. Ujumbe wa utapeli usambaze kwenda 333. Ukituma pesa kwa mtu asiye mhusika, sambaza ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 papo hapo, kabla hazijatolewa. Na Safaricom ikikupigia, inatumia 0722 000 000.

Jambo la nne ndilo linalotusumbua zaidi, nalo ni la kuchajisha dukani. Sehemu ambazo umeme haujafika nyumbani, watu huacha simu kwa mwenye jenereta au sola kuanzia asubuhi hadi magharibi, na laini ikiwa ndani. Hiyo ni sawa na kumwachia ufunguo wa kasha. Toa laini uende nayo. Kama hutaki kuitoa kila mara, weka namba ya siri ya laini, ambayo si ile ya M-Pesa. Utaikuta ya mwanzo, pamoja na PUK (namba ya kufungulia laini iliyojifunga), kwenye ile kadi kubwa uliyoing'olea laini. Iwashe katika mipangilio ya usalama ya simu, kisha uibadilishe hivi: **04*namba ya zamani*namba mpya*namba mpya#. Ukikosea mara 3 laini hujifunga na kudai PUK. Ukikosea PUK mara 10, kadi imekufa na lazima utoe nyingine. Kwa hivyo ile kadi kubwa iweke nyumbani pamoja na hati za kiwanja. Usiikunje ndani ya kifuniko cha simu, maana anayeiba simu atakuwa ameiba na PUK.

Kadi ya kawaida hubeba majina takriban 250, na kadi mpya huja tupu. Yaandike kwenye daftari.

Tuseme kidogo kuhusu betri, kwa sababu hewa ya Lamu haisamehe. Kabambe nyingi hutumia betri za umbo la BL-5C, ambayo halisi ni ya takriban mAh 1,020. Ukiuziwa ya umbo hilo hilo iliyoandikwa 3,000, maandishi hayo ni ya uongo. Ilaze betri kwenye meza tambarare uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imefura tumboni, na haifai kurudishwa kwenye simu wala kwenye chaja. Usiitoboe, usiichome pamoja na taka. Simu ikianza kujizima yenyewe, fungua uangalie yale meno madogo ya shaba yanayogusa betri. Yakiwa na unga wa kijani, ni chumvi. Sugua taratibu kwa raba ya mwanafunzi, futa kwa kitambaa kikavu, na mara nyingi simu itarudi kama kawaida bila fundi.

Ikianguka baharini, usibonyeze kitu ili kuona kama inafanya kazi. Toa betri na laini mara moja, suuza simu kwa maji matamu, ikung'ute, iache kivulini penye upepo siku mbili. Kuifukia kwenye mchele hakuondoi chumvi, na chumvi ndiyo inayokula bodi ya ndani ya simu hata baada ya maji kukauka.

Simu ikipotea au ikiibwa, kwanza funga laini kwa kupiga huduma kwa wateja ukitumia simu yoyote. Kisha nenda kituo cha polisi, toa taarifa, uondoke na nambari ya OB (ile ya kitabu cha matukio cha polisi) na hati ya polisi ya upotevu yenye muhuri. Kisha nenda kwa kampuni ya simu na hati hiyo, kitambulisho halisi na risiti ya ununuzi, uombe laini mpya. Ukileta lalamiko kwetu, tunahitaji namba ya simu, tarehe na saa ya tukio, nambari ya OB, namba ya muamala kama pesa zimetoka, na IMEI. Hii ya mwisho ndiyo inayokosekana karibu kila mara, kwa sababu mtu aliihifadhi ndani ya simu ileile iliyoibwa. Iandike nyuma ya risiti leo, na tena kwenye jalada la daftari la majina.