Hesabu hatua kabla ya kuchagua wimbo

Mama mmoja wa miaka 52 aliingia kwenye chumba changu cha matibabu akichechemea. Hakuanguka wala hakuteleza. Alikuwa ametoka asubuhi kufanya mazoezi yake ya kutembea, na kabla hajafika mbali akahisi kama mtu amempiga jiwe kwenye kigimbi. Akageuka kutazama nyuma, hakuona mtu. Msuli ulikuwa umechanika kidogo.

Nilimuuliza swali ambalo hakulitarajia: "Ulikuwa unasikiliza wimbo gani?"

Akatabasamu. Ulikuwa wimbo wa dansi aliokuwa akiucheza alipokuwa na miaka 19. Tuliusikiliza pamoja nikiwa nimeshika saa: midundo 138 kwa dakika. Baadaye, alipopona, nilimhesabia hatua zake za kutembea akiwa hana muziki. Zilikuwa 104 kwa dakika. Kwa hiyo asubuhi ile, mwili ukiwa bado umepoa, wimbo ulikuwa umemwongezea hatua 34 kila dakika bila yeye kuamua.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya misuli na viungo, na wengi wa ninaowahudumia wako kati ya miaka 40 na 60. Hakuna wiki inayopita bila mtu kuniomba nimwandikie nyimbo nzuri za kufanyia mazoezi ya nje. Huwa nawajibu kwamba siwezi kuanza na majina ya nyimbo. Naanza na miguu yao.

Mdundo una nguvu juu ya mguu kwa sababu sehemu za ubongo zinazopanga mwendo huamka tunaposikia mapigo yanayojirudia, hata tukiwa tumekaa tuli kitini. Ndiyo maana kidole cha mguu kinagonga sakafu chenyewe. Jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1911 Mmarekani Leonard Ayres aliandika kuhusu mashindano ya baiskeli ya siku sita yaliyofanyika New York: bendi ilipokuwa ikipiga, waendesha baiskeli walikwenda wastani wa karibu kilomita 31.5 kwa saa, na iliponyamaza wakashuka hadi karibu 28.8. Mkimbiaji wa Ethiopia Haile Gebrselassie naye, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani ya ukumbi mwaka 1998, alikimbia akifuata mdundo wa wimbo "Scatman" uliokuwa ukipigwa ukumbini. Yeye aliujua mdundo ule na alikuwa ameufanyia mazoezi. Yule mama aliuchagua wake kwa kuupenda tu, na mdundo haujali kama kano zako ziko tayari.

Sasa chukua saa. Tembea kama unavyotembea siku zote, hesabu kila mguu unapogusa ardhi kwa sekunde 15, kisha zidisha mara nne. Ukipata 25, hizo ni hatua 100 kwa dakika. Kwa watu wazima wengi, hatua 100 ndipo kutembea kunapoanza kuwa zoezi la wastani, lile ambalo Shirika la Afya Duniani linashauri tulifanye kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Ukifika hatua 130 umeshaingia kwenye zoezi zito. Wimbo nao unahesabiwa hivyo hivyo: gonga meza kwa kidole kila ngoma inapolia, sekunde 15, mara nne. Kuna programu za simu zinazokufanyia hesabu hiyo, lakini kidole kinakufundisha kusikiliza, na mimi napenda watu wajifunze kusikiliza.

Ukitaka mfano wa mdundo wa kutembelea, kuna "Stayin' Alive" wa Bee Gees wa mwaka 1977, wenye mapigo kama 104 kwa dakika. Ndio wimbo unaotumika kuwafundisha watu kubonyeza kifua cha aliyesimama moyo, kwa kuwa huko kunahitajika mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika. Kasi hiyo hiyo inamfaa mtu wa makamo anayetembea kwa bidii bila kuhema.

Sehemu inayowaumiza watu ni ile iliyo karibu na midundo 140. Ni kasi ambayo kutembea kunakaribia kugeuka kukimbia: kwa kutembea ni haraka mno, kwa mchakamchaka ni taratibu kidogo. Mtu akiifuata bila kujua, hurefusha hatua ili aendelee kutembea, au huanza kurukaruka kwa hatua ndefu na nzito. Vyote viwili hutwika kigimbi na kano ya kisigino mzigo ambao havikuandaliwa kuubeba. Nimewaona wengi wakifanya hivyo, mabega yamepanda hadi masikioni, wakidhani kasoro ni viatu.

Kwa wanaokimbia taratibu, hatua nyingi huangukia kati ya 150 na 170 kwa dakika. Nyimbo za kasi hiyo si nyingi, na nyingine zina kelele tupu. Tumia nusu: wimbo wa midundo 80 unabeba hatua 160, hatua mbili kwa kila pigo. Reggae nyingi ziko huko chini, 70 hadi 85, na ndizo ninazokimbilia mimi mwenyewe. Zinakupa mwendo mfupi, wa kudunda chini chini, bila kukusukuma.

Kuna mambo mawili yanayotutofautisha sisi wa makamo na kijana anayesikiliza wimbo huo huo. La kwanza ni moyo. Kiwango cha juu cha mapigo ya moyo hushuka kadiri umri unavyosonga, na makadirio yanayotumika sana ni kuchukua 208 na kutoa asilimia 70 ya umri wako. Mwenye miaka 20 anapata 194. Mwenye miaka 50 anapata 173. Kasi iliyokuwa ya mzaha ujanani inaweza kukuweka karibu na dari leo. Haya ni makadirio, miili inatofautiana, na anayetumia dawa za presha zinazopunguza kasi ya moyo asiyategemee kabisa. La pili ni kano. Unyumbufu wake unapungua na zinachukua muda mrefu zaidi kupata joto. Dakika mbili za kujinyoosha mlangoni hazitoshi.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza, na hii nasimama nayo: wimbo unaoupenda kuliko yote usiwe wa kwanza. Nyimbo tatu za mwanzo, dakika kumi na mbili hivi, ziwe za kukuzuia. Chagua zilizo na midundo 95 hadi 105, zisizo na ngoma kali, ambazo ukizisikia huoni haja ya kuharakisha. Mimi huanza na gitaa peke yake, kisha kwaya ya sauti nne isiyo na vinanda. Watu hunilalamikia kwamba mwanzo huo unachosha. Ndivyo ninavyoutaka.

Kisha unakuja wakati mwili umeshapata joto lakini akili imeanza kuuliza tutarudi saa ngapi. Hapo ndipo nyimbo za ujana zinapofaa. Nyimbo tulizozisikia kati ya balehe na miaka ya ishirini hubaki kwenye kumbukumbu kwa nguvu kuliko za umri mwingine wowote. Zinarudi na sura za watu, na harufu ya nguo tulizovaa. Katika zoezi jepesi au la wastani, muziki unaoupenda hufanya kazi ile ile ionekane nyepesi zaidi, na watafiti hutaja punguzo la karibu asilimia 10 ya uchovu tunaouhisi. Nimemwona baba wa miaka 57, aliyekuwa akiniambia kila siku kwamba hawezi kuzidi dakika ishirini, akitembea thelathini na tano kwa sababu alikuwa anangoja wimbo fulani ufike.

Kwa wapenzi wa rumba, nyimbo ndefu za zamani zina umbo ambalo kama mtaalamu ningeshindwa kulipanga vizuri zaidi. Zinaanza taratibu, mwimbaji anasimulia habari yake bila haraka, gitaa la solo linamfuata kwa adabu. Dakika kadhaa baadaye maneno yanapungua, magitaa yanashikana, sebene linaingia. Mwili umeshapata joto, na sasa unaitwa. Jaribu kutembea na wimbo mmoja kama huo tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka kitu. Sebene linapoingia, usirefushe hatua; fupisha, ongeza idadi, acha mikono ikufuate. Utahisi nyonga zinalegea.

Kwenye mlima mkali, mimi hunyamazisha muziki. Zoezi likishakuwa zito, pumzi na miguu hupiga kelele kuliko wimbo wowote, na lile punguzo la uchovu linayeyuka. Kinachobaki ni mdundo unaokuhimiza upande kwa kasi ya tambarare. Hapo nataka mtu asikie pumzi yake. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi iliyokata kuliko kawaida ni mambo ya kusimama papo hapo na kutafuta msaada wa daktari, na sitaki wimbo wowote uyafunike.

Kipimo ninachokipenda cha kujua uko wapi hakihitaji saa. Kiitikio kikifika, jaribu kuimba. Ukikiimba chote bila shida, zoezi lako ni jepesi. Ukiweza kuzungumza lakini kuimba kunakushinda, uko kwenye wastani, palepale tunapopataka. Ukitamka maneno machache tu kisha ukalazimika kuvuta pumzi, umeshaingia kwenye zito. Wapo wanaoona aibu kuimba njiani. Nawaambia waimbe kwa kunong'ona, mapafu hayajui tofauti.

Masikio nayo yana umri. Kadiri miaka inavyosonga, sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kufifia, na ni hizo hizo zilizomo kwenye kengele ya baiskeli na mlio wa breki. Nje kuna upepo na magari, kwa hiyo mtu anaongeza sauti ili aifunike kelele ya barabara. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Ukipandisha hadi desibeli 90, saa salama zinabaki nne tu. Ukiona huwezi kusikia nyayo zako mwenyewe, punguza. Ninashauri hedifoni ya sikio moja, sikio la upande wa mbali na magari, au zile zinazokaa mbele ya sikio na kupitisha sauti kwenye mfupa wa shavu huku tundu la sikio likibaki wazi. Anayeendesha baiskeli barabarani asivae kabisa.

Mwisho wa zoezi wengi huukata kama uzi. Wanafika mlangoni, wanazima simu, wanakaa. Weka nyimbo mbili za kushukia, midundo 80, kisha 70 au chini yake, na utembee nazo mpaka uweze kuimba tena. Nyimbo za ibada zinafaa sana hapa, na nyimbo za kubembelezea watoto pia. Kuna bwana mmoja hushuka na wimbo ambao mama yake alikuwa akimlaza nao. Alitafuta sana mpaka akapata mtu aliyeurekodi.

Yule mama wa kigimbi alirudi kutembea baada ya wiki sita. Tulikaa na simu yake tukapanga orodha upya. Hakutaka kuufuta wimbo wake wa miaka 19, nami sikumwomba aufute. Tuliuhamishia nafasi ya sita, baada ya dakika ishirini na tano, na tukakubaliana kwamba ukiingia atachagua: ama aufuate kwa mchakamchaka mfupi wa hatua ndogo ndogo, ama autembee kwa hatua zake mwenyewe na kuuacha mdundo upite. Juzi aliniandikia ujumbe. Anasema wimbo huo sasa humkuta mahali pale pale, penye wembamba wa njia chini ya miti mitatu, na akifika mti wa kwanza huanza kufupisha hatua kabla ngoma haijalia.