Je, wajua kwa nini mashabiki wa Innocence huitazama mara mbili kabla ya kuihukumu?

Muulize shabiki wa siku nyingi wa katuni za Kijapani kama Innocence ni filamu nzuri, na huenda akakujibu kwa swali: umeshaitazama mara ya pili? Hasemi hivyo kwa maringo. Filamu hii ya Mamoru Oshii, iliyotoka Japani Machi 2004, imejengwa kwa namna ambayo mtu anayesoma sabtaito, yaani maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha, hawezi kuimaliza kwa kikao kimoja. Maneno yanayataka macho, picha nayo inayataka macho hayohayo, na kila unapochagua kimoja unapoteza kingine.

Kwanza, tujue inatoka wapi. Innocence ni mwendelezo wa Ghost in the Shell ya mwaka 1995, ya Oshii huyohuyo na studio ileile ya Production I.G, iliyotokana na manga, yaani kitabu cha katuni, ya Masamune Shirow. Ile ya kwanza ndiyo iliyolifanya jina la saibapanki ya Kijapani, hadithi za kubuni za mashine na mitandao ya siku zijazo, lisikike mbali. Mwaka 1996 kanda zake za video zilishika nafasi ya kwanza kwenye chati ya mauzo ya jarida la Billboard huko Marekani, na ndugu wa Wachowski walimwonyesha mtayarishaji wao filamu hiyo ili aelewe walitaka kutengeneza nini, kabla hawajaipiga The Matrix ya mwaka 1999. Kwa hiyo mwendelezo ulisubiriwa miaka tisa kwa hamu kubwa. Ulipofika uliingia katika mashindano makuu ya tamasha la filamu la Cannes kuwania Palme d'Or, tuzo yake kuu, na huko Japani ulitwaa Nihon SF Taisho, tuzo ya juu ya hadithi za kisayansi.

Mashabiki wengi, hata hivyo, walitoka ukumbini wamechanganyikiwa. Walikwenda kumwona Meja Motoko Kusanagi, yule askari mwenye mwili wa mashine ambaye mwishoni mwa filamu ya kwanza aliungana na akili iliyozaliwa ndani ya mtandao, kisha akatoweka. Wakamkuta Batou, mwenzake wa zamani wa Kitengo cha 9, kikosi cha usalama cha serikali, anayeishi peke yake na mbwa aina ya basset. Mwaka ni 2032. Roboti za kike zilizoundwa na kampuni ya Locus Solus zinawaua wenye nazo, na Batou anapewa kesi hiyo pamoja na Togusa, mtu mwenye mke na mtoto ambaye mwili wake bado ni wa kuzaliwa nao. Ni kisa cha upelelezi ambacho ungeweza kukisimulia kwa dakika tano. Uzito uko kwenye namna kilivyosimuliwa, na ili tuueleze itabidi tufichue baadhi ya yaliyomo.

Jambo linalowasumbua watazamaji kuliko yote ni mazungumzo. Batou na Togusa wako angani juu ya mji wa Etorofu, na badala ya kupanga kazi wanapokezana Zaburi ya 139, pale mtunzi anaposema mawazo ya Mungu ni mengi kuliko mchanga. Mahali pengine anakuja Confucius, anakuja Milton, anakuja La Mettrie aliyeandika katika karne ya 18 kwamba mwanadamu ni mashine, na Dhammapada ya Wabuddha inarudi zaidi ya mara moja: tembea peke yako, usitende uovu, usitamani mengi, kama tembo msituni. Descartes naye anatajwa, pamoja na mwanasesere ambaye inasemekana alimpa jina la binti yake Francine, aliyefariki akiwa na miaka mitano. Mtazamaji mpya hudhani mwandishi anajionyesha kwamba amesoma.

Maelezo yapo ndani ya filamu yenyewe. Watu hawa wana ubongo wa kielektroniki uliounganishwa na hifadhi ya kumbukumbu iliyo nje ya kichwa. Nukuu zinawajia zenyewe, kutoka hazina ambayo hawakuijaza wao. Batou anaposikia Zaburi ikimtoka Togusa, anaitambua papo hapo na kumwambia kuwa hifadhi yake ina mambo ya ajabu. Hapo ndipo ufunguo ulipo. Filamu nzima inauliza mtu anabaki na nini kilicho chake ikiwa mwili umeundwa kiwandani na maneno yameazimwa, na inaliuliza swali hilo kwa kuwafanya wahusika waongee maneno ya kuazima mbele yako. Hata majina yameazimwa: Locus Solus ni riwaya ya Raymond Roussel, na Hadaly, jina la modeli ya roboti zile, ni la mwanamke wa bandia katika riwaya ya Villiers de l'Isle-Adam ya mwaka 1886, ambayo sentensi yake moja ndiyo inayofungua filamu. Sisi tunaona hii ni hatua ya kijasiri kuliko chochote kilichomo katika filamu ya kwanza. Huhitaji kumjua kila anayenukuliwa. Inatosha kutambua kwamba kuna nukuu, na kutazama ni nani hatumii kabisa.

Sasa tugeukie tatizo la macho. Kanuni ya zamani ya wanaotengeneza sabtaito ni sekunde 6 kwa mistari miwili iliyojaa, yaani herufi zisizozidi 74 hivi. Maongezi ya kawaida ya filamu hukaa ndani ya kipimo hicho bila shida. Sentensi ya falsafa haikai. Mtafsiri ama aikate, na nukuu ipoteze maana, ama aiache nzima, nawe ushindwe kuinua macho. Msomaji wa Kiswahili ambaye kwa kawaida anaipata filamu kwa sabtaito za Kiingereza ana kazi ya ziada: anasoma lugha isiyo yake iliyotafsiriwa kutoka Kijapani, huku Batou akiendelea kusema.

Toleo la kwanza la DVD huko Marekani liliongeza balaa. Badala ya sabtaito za kawaida liliwekewa maandishi ya kuwasaidia viziwi, yale yanayoandika kila sauti: nyayo, mlango, helikopta. Maandishi ya aina hiyo ni ya lazima kwa wanaoyahitaji, lakini kwa wengine yaliziba picha katika filamu ambayo picha ndiyo nusu ya maana. Mashabiki walilalamika hadi nakala za baadaye zikarekebishwa. Ukipata faili lenye sabtaito za namna mbili, iliyoandikwa SDH au CC ndiyo yenye sauti. Katika VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza V kubadili kutoka moja kwenda nyingine.

Kosa jingine linawapata wengi bila kujua sababu yake: sabtaito zinaanza sawa, kisha zinazidi kuwahi. Sinema hupigwa kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. DVD za mfumo wa PAL, ambao ndio uliokuwa wa televisheni za Kenya, Tanzania na sehemu kubwa ya Ulaya, zinacheza fremu 25, kwa hiyo filamu inaharakishwa na dakika 100 zinakuwa 96. Ukichukua sabtaito zilizopimwa kwa DVD hiyo ukaziweka kwenye nakala ya Blu-ray, zitatangulia kwa karibu sekunde 2.5 kila dakika. Dakika ya 10 zimeshawahi kwa sekunde 25 hivi, na kufikia dakika ya 90 zimepita zaidi ya dakika tatu na nusu.

Kuzisogeza kwa G na H katika VLC hakutaponya hilo, kwa sababu vitufe hivyo vinasogeza faili lote kwa kiasi kilekile, na pengo linafunguka tena. Pima hivi: linganisha sentensi ya kwanza kabisa na sentensi moja ya karibu na mwisho. Pengo likiwa sawa kote, sogeza. Likiwa linakua, badilisha kipimo cha fremu kutoka 25 kwenda 23.976 kwa programu kama Subtitle Edit, kisha uhifadhi faili jipya. Kuharakishwa huko kwa PAL pia kunapandisha sauti kwa kiasi kinachokaribia nusu toni, ikiwa waliotengeneza diski hawakuishusha tena. Mwenye sikio atausikia muziki wa Kenji Kawai, mtunzi wa muziki wa filamu hii, umekuwa mwepesi kuliko ulivyotungwa.

Na muziki huo ni wa kusikilizwa kwa makini. Kawai alitumia kundi la waimbaji wa min'yo, nyimbo za jadi za Kijapani, kwa ule wimbo mzito wa kwaya unaosikika roboti zinapoundwa mwanzoni na tena wakati wa maandamano ya Etorofu. Sauti ya kisanduku cha muziki katika nyumba ya Kim, mdukuzi ambaye Batou na Togusa wanamwendea, ilirekodiwa ndani ya machimbo ya mawe ya Oya, mkoani Tochigi, ili ipate mwangwi wa kweli wa pango. Spika ndogo za simu zinaufuta mwangwi huo wote. Tumia spika za masikioni, hata za bei ya chini. Wimbo wa kufungia, Follow Me ulioimbwa na Kimiko Itoh, umejengwa juu ya sehemu ya pili ya Concierto de Aranjuez ya Joaquín Rodrigo.

Maandamano ya Etorofu ndipo picha inapofika kileleni: tembo wakubwa wa mapambo, merikebu za dhahabu, maelfu ya karatasi zinazopeperuka, na juu yake minara mirefu mithili ya makanisa ya kale. Hapa pia ndipo lawama kubwa ya mashabiki inapozaliwa, kwamba watu wanaonekana kama wamebandikwa. Lawama hiyo ina sababu ya kiufundi. Mandhari yametengenezwa kwa kompyuta, na kamera inapopita ndani yake kila fremu kati ya zile 24 ni mpya. Wahusika wamechorwa kwa mkono, na katika katuni za Kijapani mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu 2 au 3, kwa hiyo wanapata michoro 12 au 8 tu kwa sekunde. Mji unateleza, mtu anaruka hatua kwa hatua. Jicho linaona pengo hilo hata kama mtazamaji hajui kulieleza.

Televisheni za kisasa zinalizidisha. Zina mpangilio wa kulainisha mwendo, unaobuni fremu za katikati. Mashine hubuni vizuri kwenye mandhari yanayoteleza, lakini kwenye mstari wa mkono uliochorwa huacha ukungu kandokando ya uso. Uzime kabla ya kuanza. Jambo jingine ni ukubwa wa faili: filamu ina giza jingi linalofifia polepole kuelekea rangi ya dhahabu, na faili lililobanwa sana hugeuza kufifia huko kuwa mistari kama ngazi. Ukiona ngazi angani nyuma ya Batou, kosa ni la faili, si la wachoraji. Anayenunua diski aangalie na msimbo wa eneo pia: kwa DVD nchi zetu ziko eneo la 5, Japani la 2, Marekani la 1. Kwa Blu-ray Afrika ni B, ilhali Japani na Marekani ni A.

Tuje kwenye matukio mawili ambayo mara ya pili yanabadilika kabisa. La kwanza liko dukani. Batou anaingia kununua chakula cha mbwa wake, anasikia sauti ya kike ikimwonya kwamba ameingia eneo la kuuawa, kisha risasi zinaanza. Baadaye tunaelezwa kuwa ubongo wake ulidukuliwa na kwamba mkono uliojeruhiwa alijipiga mwenyewe. Ukirudia, acha kutafuta adui. Isikilize ile sauti na ujiulize ni ya nani, kwa kuwa Meja hajatoweka kama ulivyodhani.

La pili ni nyumba ya Kim. Batou na Togusa wanaingia, wanapanda, wanaongea, na ghafla wako mlangoni tena. Wengi hufikiri faili limeharibika na kurudi nyuma. Halijaharibika: Kim amewadukua na anawazungusha ndani ya matukio ya uongo. Mara ya kwanza jicho linakwenda kwa Kim. Mara ya pili lielekeze kwenye ukumbi wa kuingilia, alipo msichana mdogo pamoja na mbwa wa basset. Huko kuna neno la Kiebrania kutoka hadithi ya golemu, sanamu la udongo linalopewa uhai katika simulizi za Kiyahudi, aemaeth, yaani ukweli, ambalo likiondolewa herufi za mwanzo linabaki maeth, kifo. Ipo pia namba 2501. Aliyeiona filamu ya 1995 ataitambua: ndiyo namba ambayo Kusanagi na Batou waliachiana kama neno la siri la siku watakapokutana tena. Asiyeiona atapita tu. Ndiyo maana kuanza na Innocence ni kosa, hata kama kesi yenyewe inaeleweka bila ile ya kwanza.

Mpangilio unaofaa basi ni huu: filamu ya 1995 katika umbo lake la asili, kisha Innocence. Toleo la 2.0 la mwaka 2008, ambalo baadhi ya picha zake zilitengenezwa upya kwa kompyuta, liweke baadaye. Mfululizo wa televisheni wa Stand Alone Complex una wahusika haohao lakini simulizi yake ni nyingine, ambamo Meja hakuungana na ile akili ya mtandaoni. Ukiuingiza katikati, utaingia Innocence ukimtafuta mtu ambaye hujaelewa kwamba aliondoka.

Kwa kikao cha kwanza cha Innocence, soma sabtaito zote na usijilaumu kwa picha unazokosa. Acha siku chache zipite. Kikao cha pili zizime sabtaito kabisa kwenye maandamano, dukani na ndani ya nyumba ya Kim. Pale dukani na kwa Kim, maneno utakuwa unayakumbuka vya kutosha, na kwenye maandamano hakuna mazungumzo ya kukosa.