Nondo wadogo wa Asia Kusini: bawa linasema mpaka wapi?

Wengi wanaoniletea picha ya nondo mdogo huanza na rangi. "Ana mkanda wa rangi ya chungwa na vidoa vya fedha, huyu ni nani?" Swali halina kosa, ila jibu langu mara nyingi huishia njiani. Familia nitakutajia, jenasi pengine, lakini jina la spishi silitoi kwa picha. Si uchoyo. Kwa nondo wa India, Sri Lanka na Nepal ambao mabawa yakitandazwa hayazidi milimita 15, michoro ya bawa ni shahidi wa kuaminika mpaka hatua fulani, na ukivuka hapo anaanza kukudanganya.

Kwanza tuelewane: hao tunaowaita nondo wadogo si ukoo mmoja. Ni fungu la kurahisisha kazi, lenye familia nyingi za Lepidoptera (oda ya vipepeo na nondo) ambazo baadhi yake zilitengana zamani sana. Ndiyo maana Cossidae, wale ambao viwavi wao hutoboa mashina ya miti, kwa undugu wako karibu na hao wadogo ingawa wengine ni wakubwa kweli na kwa jadi walihesabiwa na nondo wakubwa, huku Nepticulidae wakiwa wadogo kiasi kwamba wasiowazoea hudhani ni vumbi lililoanguka kwenye shuka la mtego wa taa. Ukubwa haukuambii undugu.

Tumtazame mmoja kwa karibu. Phyllocnistis citrella alipewa jina na Mwingereza Henry Stainton mwaka 1856, kwa sampuli zilizotoka Calcutta. Tangu hapo amefuata michungwa karibu kila inakopandwa. Florida alionekana mwaka 1993, na wakulima wa machungwa na ndimu Afrika Mashariki wanaijua kazi yake hata kama yeye mwenyewe hawajawahi kumwona. Jani changa hujikunja, na juu yake kuna njia ya rangi ya fedha inayozungukazunguka kama alama ya konokono ukutani. Ule mstari mwembamba wa giza katikati ya njia ni kinyesi cha kiwavi. Kiwavi mwenyewe ni bapa, anaishi chini ya ngozi ya jani akinywa utomvu wa seli anazozipasua, na akikomaa huacha kabisa kula, anakunja ukingo wa jani kwa hariri na kugeuka pupa humo humo.

Nondo anayetoka ana upana wa kama milimita nne, mabawa yote yakiwa yametandazwa. Mweke chini ya hadubini. Bawa la mbele ni jeupe lenye mng'ao. Kutoka shinani kuna mistari miwili ya giza inayokwenda kwa urefu wa bawa. Katikati kuna alama yenye umbo la herufi Y. Zaidi ya hapo rangi inaelekea manjano, vijistari vifupi vinashuka kutoka ukingo wa mbele, na kwenye ncha kabisa limekaa doa moja jeusi, la duara, lisilo na shaka. Bawa la nyuma halina mchoro wowote. Ni kijiti tu, na kazi kubwa inafanywa na pindo la magamba marefu kama nywele, refu kuliko upana wa bawa lenyewe mara kadhaa. Kwa mdudu wa ukubwa huo hewa ni nzito, haipenyi kirahisi kati ya nywele zile, kwa hiyo pindo linapiga hewa karibu sawa na ngozi ya bawa, tena kwa uzito mdogo zaidi.

Mpangilio huo wa mistari ya urefu, kisha mikanda, kisha doa la ncha, umeenea katika jenasi nzima ya Phyllocnistis. Ukiujua mara moja, utaitambua jenasi popote. Ila hapo hapo ndipo tabu inapoanzia. Ndugu zake wana mistari ile ile, mmoja ikiwa imekolea, mwingine imefifia, na nondo aliyeruka siku mbili tatu amekwisha pukutika nusu ya magamba. Halafu ile fedha si rangi ya kupakwa. Inatokana na umbo la gamba na jinsi linavyorudisha mwanga, kwa hiyo ukigeuza taa kidogo bawa jeupe linakuwa la kijivu. Katika jenasi hii mara nyingi nategemea pupa kuliko bawa. Kichwani pupa ana kijembe kigumu cha kutobolea ngozi ya jani atokapo, na umbo la kijembe hicho hutofautiana kati ya spishi na spishi. Ganda tupu la pupa lililobaki kwenye jani, ambalo watu hulitupa, kwangu lina thamani kuliko picha kumi za nondo.

Turudi kwa yule wa mkanda wa chungwa. Huyo karibu daima ni Cosmopterix: bawa la mbele jembamba, la hudhurungi iliyoiva, mistari myeupe kama nyuzi karibu na shina, kisha mkanda wa manjano au chungwa uliobanwa kila upande na vidoa vinavyong'aa fedha au dhahabu, na papasi (vile vipapasio vya kichwani) zenye pete nyeupe karibu na ncha. Nadhani hakuna nondo mzuri kumshinda, na nitabishana na yeyote. Lakini uzuri huo huo unakaririwa na spishi nyingi, na tofauti ziko kwenye mambo kama vile iwapo ukingo wa mkanda ni mnyoofu au umeingia ndani kidogo.

Makundi mengine yanajitambulisha kwa vitu visivyo rangi. Jenasi ya Caloptilia hutua ameinua kifua juu, amesimama kwenye miguu ya mbele iliyonyooka; mkao huo nauona kwa mbali kabla sijaona mchoro. Lecithoceridae, ambao Asia Kusini na Kusini-Mashariki ndiko kwao hasa, wana papasi ndefu kupita bawa lenyewe. Pterophoridae wamepasuka mabawa: la mbele vipande viwili, la nyuma vitatu. Mmoja wao, Exelastis atomosa, ni adui wa mbaazi huko India. Alucitidae wamezidisha, kila bawa vipande sita.

Na Gelechiidae? Kijivu, hudhurungi, vidoa. Midomo iliyopinda kwenda juu kama pembe na bawa la nyuma lenye ncha iliyochongoka ndivyo vinavyowatoa. Mfano wake wasomaji wa Tanzania mnaujua kwa uchungu: kanitangaze, yule wa nyanya. Asili yake ni Amerika Kusini, lakini mwaka 2014 alifika India na Tanzania pia, na sasa ni sehemu ya orodha ya nondo wa Asia Kusini, tupende tusipende. Alielezwa mwaka 1917 kutoka Peru kwa jina Phthorimaea absoluta, akahamishwa jenasi mara kadhaa, akatulia Tuta kwa miaka, na mwaka 2021 akarudishwa Phthorimaea alikoanzia. Bawa lake halikubadilika hata gamba moja muda wote huo. Kilichobadilika ni namna tunavyopima undugu.

Aliyempa kanitangaze jina la kisayansi ndiye huyo huyo aliyewapa majina sehemu kubwa ya nondo wadogo wa India na Sri Lanka: Edward Meyrick, mwalimu wa lugha za kale katika shule ya Marlborough, Uingereza. Alieleza zaidi ya spishi 14,000, nyingi katika jarida lake mwenyewe, Exotic Microlepidoptera, lililotoka kati ya 1912 na 1937. Sampuli zilimfikia kwa barua kutoka Milima ya Khasi na Coorg huko India, Maskeliya huko Sri Lanka, na kutoka Pusa huko Bihar, India, ambako Thomas Bainbrigge Fletcher alikuwa akifuga viwavi na kumpelekea nondo waliotoka pamoja na habari za mmea waliolishwa. Ushirikiano huo na Fletcher ndio nauona wa maana kuliko yote, kwa sababu jina bila mmea ni nusu ya habari.

Maelezo ya Meyrick yana utaratibu ule ule ukurasa hadi ukurasa. Jinsi, ukubwa kwa milimita, rangi ya kichwa, midomo, kisha bawa. Katika nondo wengi wa aina ya Gelechiidae bawa la mbele huwa na vidoa vitatu vya giza: kimoja kwenye mkunjo wa bawa, na viwili katikati, cha kwanza na cha pili. Meyrick angekwambia kama kile cha mkunjo kiko mbele kidogo ya kile cha kwanza, au chini yake moja kwa moja, au nyuma. Ukizoea lugha hiyo, unaweza kuliona bawa bila picha. Na picha hakuweka. Pia hakutaka kupasua viungo vya uzazi, hata pale wenzake walipokwisha kuona faida yake. Alitegemea mishipa ya bawa, midomo na michoro. Namheshimu kwa jicho lake, lakini ukweli usemwe: ametuachia maelfu ya majina ambayo huwezi kuyatumia kwa uhakika mpaka sampuli ya kwanza itazamwe tena London, ambako mkusanyiko wake upo. Mtaalamu wa nondo J. F. Gates Clarke alifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, akapiga picha mabawa na viungo vya uzazi vya sampuli nyingi za Meyrick na kuzitoa katika juzuu nane kuanzia 1955.

Kama mtu anadhani huu ni ubishi wa wataalamu tu, nampa kisa cha jenasi ya Conopomorpha. Ni nondo mwembamba wa hudhurungi, papasi ndefu zilizolala nyuma, mistari myeupe ya kupindapinda kwenye bawa la mbele, na ncha yenye rangi ya manjano iliyokolea. Mwaka 1904 mtaalamu wa wadudu Snellen alimpa jina cramerella yule wa kakao wa Java, ambaye kiwavi wake huingia ndani ya tunda na kuzigandamanisha mbegu. Kakao ni mmea wa Amerika, kwa hiyo mdudu huyu hakuzaliwa nao; alitoka kwenye matunda ya kwao, shokishoki likiwemo. Sasa, huko India kwenye mashamba ya lichi, Bihar na kwingineko, kulikuwa na nondo mwenye bawa hilo hilo, mistari hiyo hiyo, ncha hiyo hiyo. Vitabu vikamwandika cramerella, maana bawa ndivyo lilivyosema. Ingekuwa kweli, msafirishaji wa lichi angekuwa anabeba adui mkubwa wa kakao ndani ya kreti.

Mwaka 1986 mtaalamu mwingine, J. D. Bradley, alifungua viungo vya uzazi vya nondo hao kutoka nchi mbalimbali, akakuta si mmoja. Akatoa spishi tatu mpya, mbili kati yake, Conopomorpha sinensis na Conopomorpha litchiella, zikiwa za lichi. Mmoja anajulikana hasa kwa kutoboa tunda, mwingine kwa majani na machipukizi. Bawa lilikuwa limewaficha wote chini ya jina moja kwa miongo mingi.

Kupasua kwenyewe si uchawi. Unakata fumbatio la nondo mkavu, unalitia kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia kumi na kulipasha moto taratibu mpaka nyama ziyeyuke na kubaki ganda. Kisha kwa brashi ndogo iliyokatwa nywele unasugua magamba ndani ya maji, unatia rangi, unavuta viungo vya dume vitoke nje na kuvifungua pande mbili. Kwa nondo wa milimita nne shughuli yote hiyo ni ndani ya tone moja, na ukipiga chafya umepoteza sampuli. Siku hizi tunachukua pia mguu mmoja kwa ajili ya vinasaba; kipande cha jeni ya COI chenye herufi 658 hutenganisha spishi nyingi vizuri. Ila kisome pamoja na sampuli yenye jina la hakika. Bila hiyo umebandika kosa la Meyrick au la mwingine kwenye herufi 658.

Sasa, kama michoro haimsaidii mtaalamu hadi mwisho, inamsaidia nini nondo? Doa la ncha kwenye Phyllocnistis, pamoja na mistari ya pindoni, wengi wetu tunalisoma kama kichwa cha uongo: jicho kwenye upande usio na uhai wowote wa kupoteza. Ushahidi mzuri zaidi uko kwa familia ya Choreutidae. Jenasi ya Brenthia, iliyopo India na Sri Lanka na sehemu nyingine za joto duniani, hutua imeinua mabawa na kuyapindisha, madoa yake yakitazama nje, na hutembea kwa kurukaruka. Jadranka Rota na David Wagner walitoa mwaka 2006 majaribio waliyoyafanya Costa Rica na Brenthia wa huko: buibui warukao walipokutana naye walimwinulia miguu kama wanavyofanya kwa buibui mwenzao, na alinusurika mara nyingi kuliko nondo wa kawaida. Adui anaona adui wa aina yake, anasita. Ukiwa na mabawa ya namna hiyo, mchoro unaokaribia kufanana na wa ndugu zako si kasoro, maana buibui haulizi spishi.

Kwa hiyo ukiniletea nondo, niletee na vitu hivi. Picha ya mkao wake kabla hujamgusa, kutoka ubavuni, si kutoka juu tu. Upande wa chini wa jani alimotoka. Jina la mmea, hata la kienyeji. Na kama kiwavi bado yumo ndani, likate jani na kikonyo chake, litie kwenye mfuko wa plastiki na kipande cha karatasi ya chooni kikavu kunyonya unyevu, andika tarehe na mahali kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, kisha usiufungue mfuko kila saa kuchungulia.