Kampuni ya simu ikianza kupunguza watu: hasira hutoka wapi, na hesabu yako ikae vipi

Neno la kwanza kusikika huwa si "kupunguzwa". Huwa ni "muundo mpya". Inatoka barua pepe ndefu ya mkurugenzi mkuu, imejaa maneno kama "wepesi", "mteja kwanza" na "mageuzi ya kidijitali". Wiki mbili baadaye unaitishwa mkutano wa wafanyakazi wote. Maswali yanatakiwa yaandikwe mapema, na yale makali hayasomwi. Kufikia hapo mafundi wa mitambo na wahudumu wa simu za wateja wameshaelewa kinachokuja. Watu wa mifumo ya kompyuta wanajua zaidi ya wote, maana wao ndio watakaopewa orodha ya akaunti za kufunga.

Kazi yangu ni masuala ya ajira, na barua za aina hii nimezisoma nyingi. Malalamiko yake, hata yakija kwa sura tofauti, huishia kwenye tarehe mbili: siku uongozi ulipoamua, na siku ulipowaambia watu. Tarehe hizo zikiachana kwa miezi minne, kila kinachofuata, hata kiwe cha haki, kitaonekana ni maigizo. Na mara nyingi ni maigizo kweli.

Sababu za kupunguza watu kwenye sekta hii si siri. Minara mingi iliyokuwa mali ya kampuni za simu imeuzwa kwa kampuni za minara, kwa hiyo mlinzi, fundi wa jenereta na msimamizi wa eneo hawana tena mwajiri yuleyule. Nyaya za shaba zinazimwa, na nyaya za faibareti (nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga) hazihitaji mafundi wengi kiasi kile zikishalazwa. Huduma kwa wateja hupewa wakandarasi. Bharti Airtel iliponunua biashara ya simu ya Zain barani Afrika mwaka 2010, ilikuja na mtindo iliouzoea India: mifumo ya kompyuta kwa IBM, mitambo kwa watengenezaji wa mitambo, simu za wateja kwa kampuni za nje. Uingereza, kampuni ya simu ya BT ilitangaza Mei 2023 kwamba itaondoa hadi nafasi 55,000 kufikia mwaka 2030, kutoka takriban watu 130,000, wakiwemo wa wakandarasi, na kwamba karibu 10,000 kati ya nafasi hizo zitachukuliwa na mifumo ya akili bandia. Habari chungu, lakini ilitolewa na miaka mkononi. Fundi wa shaba aliyeisikia ana muda wa kujifunza kitu kingine. Anayepewa siku 30 hana.

Kenya, mambo haya yako chini ya kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kwanza, notisi ya nia: inakwenda kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa kazi wa eneo, angalau mwezi mmoja kabla, ikieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji. Asiye mwanachama huandikiwa yeye mwenyewe, na afisa wa kazi pia. Kampuni nyingi hujikwaa hapa. Sehemu ya kifungu inayowahusu wasio wanachama haitaji mwezi mmoja, kwa hiyo mwanasheria wa kampuni anaona amepata mwanya. Hakuna mwanya. Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Thomas De La Rue dhidi ya Omutelema (2013), ilisema muda ni uleule kwa wote.

Kisha ipo notisi ya pili, ya kuachishwa kazi kwenyewe: mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi badala yake. Notisi hizi mbili si kitu kimoja. Barua inayosema "nafasi yako imeondolewa kuanzia leo, utalipwa mwezi mmoja badala ya notisi" imeruka ile ya kwanza, hata kama hela imeingia benki siku hiyohiyo.

Katikati ya notisi hizo ndipo mashauriano yanapopaswa kukaa. Kifungu cha 40 hakiyataji kwa jina. Lakini Mahakama ya Rufaa iliyazungumzia kwa urefu mwaka 2014 katika kesi ya Kenya Airways, na mwaka 2021 katika kesi ya Cargill ikayaona kuwa ya lazima. Mashauriano ya kweli yana alama zake: kuna karatasi ya pendekezo inayoweza kubadilika, kuna idadi ambayo bado haijafungwa, kuna jibu la maandishi kwa kila njia mbadala iliyopendekezwa (kusitisha ajira mpya, kupunguza saa, kuhamisha watu idara, kukata safari za wakubwa). Kama muundo mpya wenye majina ulishapitishwa na bodi Machi na "mashauriano" yakaanza Juni, ukiomba kumbukumbu za bodi mahakamani utaikuta hiyo Machi imeandikwa. Kwa hiyo ninapoandikiwa na mtu aliyekasirika, swali langu la kwanza ni kama ana karatasi yoyote yenye tarehe.

Uchaguzi wa nani abaki una vigezo vinne katika sheria: muda kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu katika kazi. Kinachoharibika mara nyingi ni kigezo kimoja kumeza vingine vyote. Kampuni inachukua alama za tathmini ya mwaka uliopita, inapiga mstari, walio chini wanaondoka. Tathmini hizo zenyewe zilipangwa kwa mgao: kila meneja alitakiwa awe na asilimia fulani ya "walio chini ya kiwango", awe nao asiwe nao. Aliyekuwa kwenye likizo ya uzazi miezi mitatu alipata alama ya kati kwa kuwa hakuwa na kazi ya kupimwa. Hapo kuna suala la ubaguzi chini ya kifungu cha 5 cha sheria hiyohiyo, si la hesabu tu. Omba kwa maandishi jedwali la alama zako na uzito wa kila kigezo. Wakikataa, hifadhi barua ya kukataa. Nayo ni ushahidi.

Mtindo mwingine ni kuwaambia watu wote waombe upya kazi zao. Nauona ni uvivu wa uongozi uliovalishwa suti. Mhandisi wa miaka 14 anafanyiwa usaili na mshauri wa nje ambaye hajui tofauti ya kiungo cha redio cha maikrowevu na cha faibareti, halafu anaambiwa "hakuonyesha shauku".

Halafu upo mpango wa kuondoka kwa hiari, ambao kwa kawaida hufunguliwa kwanza. Kifedha unaweza kuwa mzuri, mara nyingine mara mbili ya kiwango cha sheria. Lakini jua mambo mawili. Kisheria, kupunguzwa kazi ni kupoteza ajira bila hiari yako. Ukishasaini kuwa umeondoka kwa hiari, unasimama juu ya makubaliano yako, si juu ya kifungu cha 40. La pili linawahusu viongozi: wanaochukua hela ya hiari mapema ni wale wenye soko nje. Anaondoka yule anayejua kebo ya zamani ya kwenda bandarini inapita wapi, ambayo haiko kwenye ramani yoyote, na seti ipi ya betri hudanganya ikionyesha imejaa. Miezi sita baadaye faibareti inakatwa na trekta, kazi ya saa nne inakuwa ya saa kumi na moja, na fundi yuleyule anarudishwa kama mkandarasi kwa malipo ya juu zaidi. Waliobaki wanaliona hilo. Huwezi kuwaambia tena kwamba hela haikuwepo.

Sasa hesabu. Chukua mfano wa mtu mwenye mshahara wa msingi wa KSh 120,000, aliyefanya kazi miaka 9 na miezi 7. Sheria ya Kenya inampa malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa hiyo inahesabiwa miaka 9 na ile miezi 7 inadondoka. Kifungu hakisemi mshahara wa mwezi ugawanywe kwa ngapi kupata siku moja. Ukigawa kwa 30, siku ni 4,000, siku 15 ni 60,000, na miaka 9 ni KSh 540,000. Ukigawa kwa 26, yaani siku za kazi za mwezi kwa wiki ya siku sita, siku ni 4,615.38 na jumla inafika takriban KSh 623,077. Tofauti ni KSh 83,077, na kampuni hutumia 30 bila kukuuliza. Angalia mkataba wa pamoja wa chama au sera ya kampuni inasemaje, kwa sababu vingi huweka siku zaidi ya 15, na vingine huhesabu mshahara wote na marupurupu. Kisha ongeza mwezi wa notisi kama hukuutumikia, siku za likizo ulizobakiza, na siku ulizofanya kazi mwezi huo. Haya hukatwa kodi, usiandike hundi za karo kwa kutazama jumla.

Hesabu inayowaumiza watu zaidi haimo kwenye barua kabisa. Ni mkopo wa wafanyakazi. Riba ile ya chini ilitolewa kwa sababu mwajiri alikuwa na makubaliano na benki. Ajira ikikoma, mikataba mingi inairudisha kwenye riba ya soko, au inataka deni lote lilipwe kutoka kwenye mafao. Soma kipengele hicho kabla ya mkutano na idara ya rasilimali watu, na ombeni kwa pamoja muda wa mpito. Miezi mitatu hadi sita hupatikana wakiomba wengi. Bima ya afya nayo: ulizeni inakatika tarehe gani, na kama inaweza kuendelea hadi mwisho wa mwaka wa bima, maana mara nyingi ada yake ilishalipwa.

Tanzania kiwango ni kidogo zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, kikomo miaka 10. Mtu wa TSh 1,300,000 aliyefanya kazi miaka 16 kwa wiki ya siku sita atahesabiwa 50,000 mara 7 mara 10, yaani TSh 3,500,000, na miaka sita inapotea. Ila kwenye mashauriano sheria ya Tanzania iko wazi kuliko ya Kenya: mwajiri lazima atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza, atoe nyaraka husika, na mjadala uguse sababu, njia za kuepuka, namna ya kuchagua, muda na malipo. Lipo na jambo ambalo huwanyima watu haki kabisa: mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kenya una miaka mitatu kwenda mahakamani. Anayekaa Dar es Salaam akisubiri "ofisi itanipigia" anaupoteza mwezi huo bila kujua.

Kuhusu kusaini. Hati ya "nimepokea malipo yote na sina dai lingine" haina matokeo ya aina moja. Katika ileile kesi ya De La Rue mahakama ilisema hati hiyo haifungi mlango yenyewe, huangaliwa ilisainiwaje. Lakini kwenye Coastal Bottlers dhidi ya Kimathi Mithika (2018) Mahakama ya Rufaa ilimfunga mfanyakazi na makubaliano aliyoyasaini. Kilichopimwa ni kama mtu alielewa, kama alikuwa huru, na kama kulikuwa na udanganyifu. Ukipewa kalamu saa kumi na moja jioni na mlinzi amesimama mlangoni, andika juu ya sahihi yako kwamba unapokea bila kuacha madai yako. Wakikataa hati yenye maneno hayo, omba nakala uondoke nayo.

Ukitaka kuona uongozi unavyoweza kupotoka kabisa, tazama France Télécom ya Ufaransa, kampuni ileile iliyokuja kununua asilimia 51 ya Telkom Kenya mwaka 2007. Kwao, wafanyakazi wengi walikuwa na hadhi ya watumishi wa umma, hawakuweza kuachishwa. Lengo lilikuwa watu 22,000 waondoke kati ya 2006 na 2008. Kwa kuwa barua haikuwezekana, ilibaki kuwachosha: uhamisho wa lazima, mafundi kupelekwa kwenye vituo vya simu, bonasi za mameneja kufungwa na idadi ya walioondoka. Mkurugenzi mkuu Didier Lombard aliwaambia wakubwa wenzake kwamba watu wataondoka, kwa dirisha au kwa mlango. Mahakama ya Paris ilichunguza habari za wafanyakazi 39, wakiwemo 19 waliojiua, na Desemba 2019 ikamtia Lombard na wenzake hatiani kwa unyanyasaji uliojengwa ndani ya sera ya kampuni. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha kwamba Lombard alimfokea mtu fulani. Mpango wenyewe ndio uliohukumiwa, na Januari 2025 mahakama ya juu ya Ufaransa ilikubali msingi huo.

Kabla akaunti yako haijafungwa, toa nakala za mkataba, barua za kupandishwa cheo, tathmini za miaka mitatu, hati za mishahara na salio la likizo. Usijitumie orodha za wateja wala michoro ya mtandao hata kama uliichora mwenyewe. Utaugeuza mgogoro wako uwe kosa la nidhamu, na Kenya ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Rudisha kompyuta, laini ya ofisi na kitambulisho kwa kusainiwa, kila kimoja kwa namba yake. Kisha dai cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinampa haki hiyo kila aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, uwe umeachana na mwajiri kwa amani au kwa ugomvi.