Thamani ya urithi ya mahali pa kukutania: mfano wa Waakadia

Thamani ya urithi ni uzito wa mahali kwa watu wa jana, wa leo na wa kesho. Bei ya kiwanja haihusiki. Nchini Kanada, miongozo ya kitaifa ya kuhifadhi maeneo ya kihistoria inautaja uzito huo kwa sura sita: uzuri, historia, sayansi, utamaduni, jamii na roho. Mahali pakitambuliwa kuwa urithi, huandikwa maelezo ya kwa nini pana thamani, na ni vitu gani vikiondolewa thamani itapotea.

Kwa ngome au daraja kazi hiyo ni nyepesi. Mahali pa kukutania ni pagumu, kwa sababu kinachopafanya pawe na thamani ni watu kukaa pamoja, na watu hawapakwi rangi wala kupigiliwa misumari. Kiswahili kimeliona jambo hili zamani: baraza ni kile kibao cha mawe mbele ya nyumba, na baraza ni kikao chenyewe.

Waakadia ni kizazi cha Wafaransa waliofika tangu mwaka 1604 katika nchi ya Wamikmaki, wenyeji wa asili, kwenye maeneo ambayo leo ni Nova Scotia, New Brunswick na kisiwa cha Prince Edward. Waliyageuza mabwawa ya chumvi kuwa mashamba kwa kujenga matuta ya udongo. Chini ya tuta walipitisha mfereji wa mbao wenye kilango, uitwao aboiteau: maji yakipwa kilango hufunguka na maji ya mvua hutoka, bahari ikijaa hujifunga. Tuta la namna hiyo halijengwi na mtu mmoja, na likibomoka kwa jirani yako shamba lako nalo limekwisha. Kwao kukutana kulikuwa sehemu ya kilimo.

Ndiyo maana kisa cha Grand-Pré, kijiji cha Waakadia huko Nova Scotia, kinauma. Tarehe 5 Septemba 1755, ofisa wa jeshi la Kiingereza, John Winslow, aliwaita wanaume na wavulana wa kuanzia miaka 10 waje kanisani saa tisa alasiri. Walifika 418. Wakasomewa amri: ardhi na mifugo ni mali ya Mfalme, nao watasafirishwa nje ya nchi. Kanisa likawa gereza. Mahali walipozoea kuitika wito ndipo waliponaswa, na hadi uhamisho huo ulipokoma miaka ya 1760, Waakadia zaidi ya 10,000 walikuwa wameondolewa makwao.

Kanisa lile halipo tena. Mashamba walipewa walowezi kutoka New England, na Waakadia waliorudi walilazimika kuanza upya kwingine. Mwaka 1907 John Frederic Herbin, sonara ambaye mama yake alikuwa Mwakadia, alikinunua kiwanja kinachoaminika kuwa cha kanisa hilo. Kanisa la kumbukumbu lilijengwa hapo mwaka 1922, na mwaka 2012 UNESCO ikaliingiza eneo la Grand-Pré katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa hiyo anayedhani urithi ni lazima uwe ukuta wa zamani, Grand-Pré inamkatalia: jengo linalotembelewa ni la karne ya 20, lakini wanaokuja wanajua wamesimama wapi.

Kukutana huko huko ndiko kulikowarudisha pamoja baadaye. Mwaka 1881 maelfu walikusanyika Memramcook, New Brunswick, wakaichagua tarehe 15 Agosti kuwa sikukuu yao. Miaka mitatu baadaye, katika kijiji cha Miscouche, kisiwani Prince Edward, walichagua bendera: rangi tatu za Ufaransa na nyota ya dhahabu juu ya buluu. Leo sikukuu hiyo ina tintamarre, yaani watu kumiminika barabarani wakigonga sufuria na chochote chenye kelele. Hapo mahali pa kukutania ni barabara yenyewe, kwa saa chache tu. Wakati wa baridi ni jikoni, kwenye veillée, jioni ya fidla na hadithi. Jiko la namna hiyo mara nyingi halina kibao cha serikali mlangoni, ingawa binafsi naliona halipungukiwi kitu mbele ya ukumbi wa parokia.

Swali gumu zaidi, thamani inabakije watu wakiacha kukutana, liko Pointe-de-l'Église, Nova Scotia. Kanisa la Sainte-Marie, lililojengwa 1903 hadi 1905, ni kati ya makanisa makubwa kabisa ya mbao Amerika Kaskazini. Fundi mkuu wake, Léo Melanson, hakujua kusoma wala kuandika. Mnara una urefu wa mita 56 hivi, na ndani yake yamewekwa mawe yenye uzito wa tani 40 ili upepo wa ghuba usiuangushe. Vitu hivyo vinaandikika kwa urahisi katika maelezo ya urithi. Lakini waumini walipungua, matengenezo yakahitaji mamilioni ya dola, na mwaka 2019 misa zikakoma. Kati ya zile sura sita, uzuri na historia bado vinasimama pale na mnara wao. Sura ya jamii ilikuwa ikiingia kwa mlango wa mbele kila Jumapili.